Baraza la Kaunti ya Kakamega la Zamani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukikaa na wazee wa Khayega, Shianda au Butere, hutakosa kusikia mmoja akisema, "Hiyo barabara ililimwa na kaunsili." Kijana aliye karibu huuliza: kaunsili gani, na kaunti si ilianza 2013? Hapo mazungumzo hugawanyika, kwa sababu mzee na kijana wanataja vitu viwili tofauti kwa neno linalofanana: mzee anasema baraza la kaunti la zamani, kijana anasema serikali ya kaunti ya leo. Maswali yaliyo hapa ni yale ninayoulizwa zaidi na wanafunzi, wafanyabiashara wa masoko, na familia zinazofuatilia ploti za babu zao.

Je, baraza la kaunti la zamani ndilo serikali ya kaunti ya leo?

Hapana. Serikali ya kaunti ya leo imeundwa na Katiba ya 2010. Ina gavana aliyechaguliwa na wananchi, ina bunge lake, na ina mgao wa pesa ambao Katiba yenyewe inaulinda. Baraza la zamani liliishi chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa, Sura ya 265, na juu yake alikaa waziri wa Nairobi. Madiwani walichaguliwa na wananchi, lakini mwenyekiti alichaguliwa na madiwani wenzake, na aliyeshika ofisi hasa alikuwa karani wa baraza, ambaye watu walimwita klaki. Sheria ndogo ambazo baraza lilipitisha zilisubiri idhini ya waziri. Waziri pia aliweza kuteua madiwani wa ziada, na hata kulivunja baraza na kuweka tume mahali pake.

Jambo lingine ambalo watu husahau ni kwamba mji wa Kakamega ulikuwa na baraza lake la manispaa. Baraza la kaunti lilikuwa la mashambani: masoko ya vijijini, njia za ng'ombe, zahanati za lokesheni.

Lilianza lini?

Jina la "baraza la kaunti" kwa sehemu za Waafrika ni la 1963, lakini mizizi yake inarudi nyuma hadi 1925.

Tuanze nyuma kidogo ya hapo. Hadi 1902 sehemu hizi zilihesabiwa kuwa mkoa wa mashariki wa Uganda. Mwaka huo zikahamishiwa upande wa himaya iliyokuja kuitwa Kenya, reli ikiwa imeshafika Kisumu mwishoni mwa 1901. Waingereza walitawala wilaya ya Kavirondo Kaskazini kwa kuegemea ufalme wa Wanga. Mwaka 1909 Nabongo Mumia, mfalme wa Wanga, alifanywa chifu mkuu, na makao ya wilaya yalikuwa Mumias, karibu na boma lake la Elureko. Mwaka 1920 makao hayo yalihamishiwa Kakamega, na ndiyo maana baraza hili lina jina la Kakamega wala si la Mumias.

Kisha vita vya kwanza vya dunia vikaisha, na malalamiko yakaanza: kodi, kipande (kitambulisho cha lazima cha wafanyakazi Waafrika), kazi za kulazimishwa, machifu waliotumia nguvu. Tarehe 23 Desemba 1921 watu walikutana Lundha, Gem, katika ule mkutano uliozaa vuguvugu la Piny Owacho. Serikali ilishtuka. Ilitaka mahali ambapo malalamiko yangesemwa mbele ya macho yake badala ya kusemwa chini ya miti. Mwaka 1924 sheria ikarekebishwa ili kuruhusu mabaraza ya wenyeji, na mwaka uliofuata yakaanza kukutana. La kwetu liliitwa Baraza la Wenyeji la Kavirondo Kaskazini.

Ni nani waliokaa ndani yake?

Mwenyekiti alikuwa Mkuu wa Wilaya, Mzungu. Wajumbe walikuwa machifu, wazee walioteuliwa, na wengine waliopendekezwa na watu wa lokesheni zao. Liguru, yaani mkuu wa kijiji, hakuwa na kiti humo, ila habari za kule juu zilimfikia mwananchi kupitia kwake.

Wapo wanaosema lilikuwa baraza la vibaraka. Nimelifikiria sana neno hilo na siwezi kulikubali lote. Ni kweli Mkuu wa Wilaya alishika kalamu, na uamuzi asioutaka haukutoka nje ya chumba. Lakini humo ndimo Mwanga, Mmaragoli, Mbukusu, Mtiriki, Mwidakho, Mwisukha, Mkabras, Mmarama, Mkisa na Mnyole walikaa meza moja wakibishana juu ya sanduku moja la pesa. Kabla ya hapo kila mmoja alikuwa na ukoo wake na mipaka yake. Katika miaka hiyohiyo ya 1930 na 1940 ndipo jina la Abaluyia, la kuwaita watu hao wote kwa pamoja, liliposhika mizizi. Vyama vya siasa na shule za misheni zilichangia, na baraza nalo lilichangia. Watu wanaogawana pesa za shule hulazimika kujuana.

Dhahabu ya Kakamega inahusiana vipi na baraza?

Swali hili ndilo ninalopenda kulijibu kwa kirefu, maana linaonyesha ahadi iliyovunjwa mchana kweupe.

Mwaka 1930 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya amana ya ardhi za wenyeji. Iliahidi kwamba ardhi za hifadhi, yaani zile zilizotengewa wenyeji, zitabaki zao daima. Ikiwa kipande kitalazimika kuchukuliwa kwa kazi ya umma, baraza la wenyeji litaelezwa na kusikilizwa kwanza, na watu watapewa ardhi nyingine badala yake. Kwa mkulima wa Isukha au Idakho, hiyo ilikuwa kinga ya kwanza iliyoandikwa.

Mwaka uliofuata, 1931, dhahabu ikapatikana Kakamega. Walowezi waliokuwa wamebanwa na mdororo wa uchumi wa dunia walimiminika wakiwa na mahema na sururu. Ardhi ya watu ikachimbwa mashimo. Na ile sheria? Desemba 1932 ilirekebishwa haraka, ili ardhi ya uchimbaji iweze kutolewa kwenye hifadhi bila kulisikiliza baraza kwanza na bila kuwapa watu ardhi ya kufidia. Fidia ikawa pesa. Kelele zilifika hadi bunge la Uingereza, kwa sababu hata huko wapo walioona aibu kuona ahadi ya miaka miwili ikifutwa kwa ajili ya madini.

Mgodi mkubwa uliojulikana sana, Rosterman, ulifanya kazi hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950. Ukipita Rosterman leo utawakuta watu bado wakichimba kwa mikono. Nikisikia mtu akisema wazee wetu hawakujali ardhi, humkumbusha kwamba walikuwa na baraza na walikuwa na sheria, na siku ile sheria ilipohitajika baraza likarukwa.

Jina limebadilika mara ngapi?

Kavirondo Kaskazini iliitwa Nyanza Kaskazini kuanzia 1948. Mwaka 1950 sheria mpya ikageuza mabaraza ya wenyeji kuwa Mabaraza ya Wilaya ya Waafrika, yenye mamlaka makubwa kidogo. Mwaka 1956 upande wa Bungoma ulitengwa ukawa Nyanza ya Elgon, jambo ambalo Wabukusu wengi walikuwa wakilitaka kwa miaka, wakiwa wamechoka na historia ya kutawaliwa na machifu wa Kiwanga. Mwaka 1963, tume ya mipaka ilipomaliza kazi, Magharibi ikatoka Nyanza na kuwa jimbo lake, ikiwa na wilaya za Kakamega, Bungoma na Busia. Hapo ndipo Baraza la Kaunti ya Kakamega lilipopata jina tulilolizoea.

Baraza lilifanya kazi gani hasa?

Kabla ya 1970 lilifanya karibu kila kitu ambacho mtu wa kijijini aliita "serikali".

Shule kwanza. Tangu miaka ya 1920 watu wa hapa walitaka shule zisizofungwa na dhehebu. Misheni zilikuwa nyingi: Marafiki (Quakers) Kaimosi tangu 1902, Wakatoliki Mumias, Waanglikana Butere. Kila moja ilisomesha kwa njia yake na ilivuta watoto upande wake. Baraza lilitenga pesa zake kusaidia kujenga shule ya serikali ya Waafrika Kakamega, ambayo leo ni Shule ya Upili ya Kakamega. Mwaka 1934 zikaundwa bodi za elimu za wilaya, na shule zilizokuwa chini yake zikabeba herufi D.E.B. (District Education Board). Ukiona shule ya msingi yenye herufi hizo ubaoni hata leo, unasoma alama ya enzi hizo.

Baada ya uhuru mzigo uliongezeka. Shule za msingi za wilaya nzima na mishahara ya walimu wake, zahanati na vituo vya afya, barabara za mashambani na madaraja ya magogo, majosho ya ng'ombe, masoko, vichinjio, leseni za maduka: yote yalipita kwenye ofisi ya baraza. Mama mjamzito wa Malava na mwalimu wa Chavakali walitegemea sanduku moja.

Pesa zilitoka wapi?

Kodi ya kichwa, iliyopangwa kwa ngazi kulingana na mapato ya mtu, ndiyo iliyokuwa uti wa mgongo. Juu yake kulikuwa na karo za shule, ushuru wa soko, leseni, kodi za ploti, na sesi, yaani ushuru wa mazao. Serikali kuu iliongeza ruzuku.

Miwa ilipoingia, kiwanda cha Mumias kikiwa kimeanza kusaga 1973, sesi ya miwa ikawa pato muhimu. Magari ya miwa ndiyo yaliyoharibu barabara, kwa hiyo wakulima walikuwa na haki ya kuuliza sesi yao imetengeneza barabara ipi. Waliuliza kwa miaka mingi.

Kuanzia mwaka wa fedha wa 1999/2000, chini ya sheria ya 1998, mabaraza yote nchini yalianza kupokea mgao wa asilimia 5 ya kodi ya mapato ya taifa, mfuko uliojulikana kwa herufi LATF (Local Authorities Transfer Fund). Kwa mara ya kwanza kwa muda mrefu baraza liliweza kupanga mradi likijua pesa fulani zitafika. Wananchi waliitwa kwenye mikutano ya kata kuchagua miradi: kisima, choo cha soko, darasa.

Kwa nini linaonekana lilikuwa dhaifu, kama lilikuwa na kazi hizo zote?

Kwa sababu tarehe 1 Januari 1970 lilipokonywa kazi hizo.

Sheria ya Kuhamisha Kazi, ya 1969, ilichukua elimu ya msingi, afya na barabara kutoka kwa mabaraza ya kaunti kote nchini na kuzipeleka Nairobi. Kodi ya kichwa nayo ikatoka mikononi mwao, na baada ya miaka michache ikafutwa kabisa. Manispaa saba kubwa, Kisumu na Nakuru zikiwemo, ziliachiwa shule zao. Watoto wa mjini waliendelea kuwa na baraza la kuwajibika kwao, wa mashambani wakabaki wakiangalia wizara.

Haki itendeke kwa pande zote. Mabaraza mengi yalikuwa yameshindwa. Kodi ya kichwa ilikuwa ngumu kukusanya katika wilaya yenye mashamba madogo na vijana waliokwenda kutafuta kazi Nairobi au kwenye mashamba ya chai. Watoto waliongezeka haraka kuliko mapato. Walimu walicheleweshewa mishahara, wakagoma, na mwaka 1967 Tume ya Kuajiri Walimu ilipoundwa ili wawe na mwajiri mmoja, wengi walifurahi. Nimewasikia walimu wastaafu wakisema wazi kwamba hawakulililia baraza hata siku moja, na sina haki ya kuwapinga.

Ila hapo ndipo ninapotofautiana na wanaosema mabaraza yalijiua yenyewe. Katiba ya majimbo ilikuwa imevunjwa 1964, na tangu hapo mwelekeo ulikuwa wa kuvuta kila kitu katikati. Lililoshindwa kukusanya kodi lingeweza kusaidiwa likusanye. Badala yake liliondolewa kazi, likaondolewa na kodi, kisha likaachwa lisimame na jina lake.

Basi baada ya 1970 lilibaki na nini?

Masoko, vichinjio, majosho machache, leseni, ploti, sesi, na ardhi ya amana. Mtu aliyezaliwa baada ya 1970 amelijua baraza kwa sura moja tu: askari wa kanjo na kitabu cha risiti.

Kukhu yangu aliuza mboga za mrenda na likhubi katika soko moja karibu na kwetu. Kila siku ya soko alilipa ushuru kabla hajauza hata fungu moja, na kila msimu wa mvua alikaa kwenye tope lilelile. Siku moja nikiwa mdogo nilimuuliza kwa nini analipa. Akaniambia, "Mjukuu wangu, zamani risiti hii ilikuwa inajenga darasa." Sikumwelewa hadi nilipokuwa mtu mzima na kusoma habari za 1970.

Madiwani walichaguliwaje?

Kwa kura, katika kata, tangu 1963. Lakini historia ya kura hizo ina makovu. Mwaka 1968 karatasi za wagombea wa chama cha upinzani cha KPU zilikataliwa kote nchini katika uchaguzi wa mabaraza, na upande wa Kisumu na Siaya kidonda hicho kilikaa muda mrefu. Mwaka 1988 ulikuwa mwaka wa mlolongo: wapiga kura wa KANU, chama pekee kilichoruhusiwa wakati huo, walijipanga nyuma ya wagombea wao au picha zao, na mara nyingine mstari mfupi ulitangazwa mshindi. Tarehe 29 Desemba 1992, vyama vingi vilipokuwa vimerudi, wananchi waliwachagua rais, mbunge na diwani siku moja.

Madiwani wengi walitumikia kwa posho ndogo. Madiwani wa zamani wamekuwa wakiiomba serikali iwatambue kwa malipo ya uzeeni, na naona ombi lao ni la haki.

Ardhi ya amana ilikuwa nini?

Ardhi iliyokuwa hifadhi za wenyeji wakati wa ukoloni iliwekwa, baada ya uhuru, mikononi mwa mabaraza ya kaunti ili yaitunze kwa niaba ya wakazi. Watu huijua kama trasti landi. Baraza halikuwa mwenye mali, lilikuwa mshika amana.

Kwetu Magharibi, mashamba mengi yalipimwa na kusajiliwa kwa majina ya watu binafsi, kwa hiyo amana iliyobaki ilikuwa viwanja vya masoko, vilima, kingo za mito na misitu. Mahali pengine amana hiyo iliheshimiwa. Mahali pengine uwanja wa soko ulipungua mwaka baada ya mwaka hadi mama wauza ndizi wakajikuta barabarani. Katiba ya 2010 iliondoa ardhi ya amana na kuleta ardhi ya jamii, na viwanja vya umma kama masoko viko chini ya serikali ya kaunti kwa niaba ya wakazi.

Kwa nini Vihiga ni kaunti, lakini Lugari na Butere-Mumias si kaunti?

Jibu liko kwenye tarehe. Vihiga ilikatwa kutoka Kakamega ikawa wilaya 1990. Lugari na Butere-Mumias zilikatwa baadaye, mwishoni mwa miaka ya 1990, na kila moja ikapata baraza lake. Katiba ya 2010 ilipochora kaunti 47, ilifuata wilaya zilizotajwa katika Sheria ya Wilaya na Mikoa ya 1992. Vihiga ilikuwemo. Lugari na Butere-Mumias hazikuwepo bado, kwa hiyo zikarudi ndani ya Kakamega.

Nakuru na Kisumu nako mambo yalikuwa hivi?

Kisumu, ndiyo kwa sehemu kubwa: Kavirondo ya Kati, kisha Nyanza ya Kati, kisha ikagawanywa kuwa Kisumu na Siaya miaka ya 1960.

Nakuru ni hadithi nyingine. Mashamba yake yalikuwa ya walowezi, na walowezi walipewa mabaraza yao ya wilaya chini ya sheria ya 1928, ya kusimamia hasa barabara za mashambani. Mwafrika aliyefanya kazi kwenye mashamba hayo hakuwa na kiti. Mtu wa Njoro au Molo anapouliza kwa nini babu yake hakuwahi kutaja baraza la wenyeji, sababu ndiyo hiyo.

Baraza lilikufa lini, na mali yake ilikwenda wapi?

Uchaguzi wa tarehe 4 Machi 2013 ndio uliomaliza mabaraza yote 175 ya nchi. Wafanyakazi, majengo, magari na madeni yalielekezwa kwa serikali za kaunti, chini ya usimamizi wa Mamlaka ya Mpito. Mamlaka hiyo ilipomaliza muda wake 2016, kazi ya kuhesabu mali na madeni ikaendelezwa na kamati ya kiufundi ya uhusiano baina ya serikali.

Nina kadi ya ploti ya babu au risiti za kaunsili. Nianzie wapi?

Usiitupe, na usimpe mtu nakala halisi. Piga picha, toa nakala, kisha uende ofisi ya ardhi ya kaunti ukiwa na namba ya ploti, jina la soko, na cheti cha kifo ikiwa mwenye ploti ameshafariki. Kumbuka kwamba kadi ya baraza mara nyingi ilikuwa barua ya kugawiwa au kibali cha muda, si hatimiliki. Ina uzito kama ushahidi, lakini yenyewe haimalizi shauri. Utahitaji pia utaratibu wa urithi mahakamani kabla jina halijabadilishwa.

Kumbukumbu za mikutano ya zamani ziko wapi?

Nyingi za enzi ya ukoloni ziko katika Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, Moi Avenue, Nairobi. Utazikuta chini ya majina ya zamani, kwa hiyo tafuta Kavirondo Kaskazini na Nyanza Kaskazini, usitafute Kakamega peke yake. Hifadhi hiyo ina vituo vya nyaraka Kakamega, Kisumu na Nakuru pia, na kuanza na kilicho karibu nawe hupunguza nauli.

Hazina nyingine iko nyumbani. Madiwani na makarani wa baraza wa miaka ya 1960 sasa ni wazee sana, na wengine wametutoka. Ukiwa na mmoja jirani, mpelekee sukari na majani ya chai, washa kinasa sauti cha simu, na umwombe akutajie darasa la kwanza lililojengwa na kaunsili kijijini kwenu, nani alichoma matofali, na mawe yalitoka mto gani.